Picha ya Mwili Ina Mwenyewe

Mjini Tunduma hakuna mzigo upitao bila karatasi. Lori la shaba litokalo Kongo na Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam husimama. Lori la mafuta litokalo bandarini kwenda Nakonde nalo husimama. Dereva huonyesha hati, afisa wa forodha hukagua, muhuri hugongwa, ndipo safari huendelea. Tangu Oktoba 2019, Tanzania na Zambia zilipozindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ukaguzi huo umewekwa mahali pamoja ili kupunguza usumbufu. Lakini uko mzigo mmoja uvukao mpaka ule mchana na usiku ambao hauulizwi hati na mtu yeyote. Mzigo huo ni picha ya mwili wa binadamu asiye na nguo. Hupita ndani ya simu ya mkononi, hauna uzito, haulipiwi ushuru, na mara nyingi yule aliyepigwa picha hana habari kwamba amekwisha safirishwa.

Leo tunataka kuzungumza na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, na watendaji wa Serikali kuanzia kata hadi wizara, juu ya jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu ya haya: kazi ya mpiga picha ambaye fani yake ni mwili wa mtu ulio wazi, naye huiita kazi hiyo sanaa. Haya ni jambo jema, nasi hatukusudii kuivunja. Lakini haya ikizidi hata ikafunga vinywa vya wenye dhamana, wanaoumia ni wanyonge. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Basi na tuliseme jambo hili kwa lugha ya staha, lakini tuliseme.

Kwa kawaida suala hili huwagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza husema: uchi ni uchi, hauna jina jingine, na picha ya namna hiyo ichomwe na aliyeipiga ashitakiwe. Kundi la pili husema: sanaa haifungwi kamba, na asiyeipenda afumbe macho. Makundi haya hubishana kwa nguvu nyingi, na kila moja lina chembe ya haki. Lakini yote mawili huikodolea macho picha, yakamsahau mtu aliyesimama mbele ya kamera. Rai ya gazeti hili ni kwamba picha ya mwili, kabla haijawa mali ya mpiga picha, ya mnunuzi au ya mwendesha mashtaka, ni amana ya mwenye mwili. Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, na yeye ndiye wa kwanza kulindwa.

Ili hoja hiyo isielee hewani, na tuitazame kazi ya mtu mmoja aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake hapa Afrika Mashariki. Mtu huyo ni Peter Beard. Alizaliwa New York mwaka 1938 katika jamaa ya kitajiri, akafika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 17, na baada ya masomo yake katika Chuo Kikuu cha Yale akarudi na kujipatia shamba chini ya vilima vya Ngong, lililopakana na shamba la zamani la mwandishi Karen Blixen. Akaliita Hog Ranch. Mwaka 1965 alichapisha kitabu chake cha The End of the Game, kilichoeleza jinsi wageni wawindaji na wajenzi wa reli walivyowamaliza wanyama wa nchi hizi. Miaka ya 1970 alipanda ndege akapiga picha za mizoga ya tembo waliokufa kwa njaa katika Hifadhi ya Tsavo, na picha hizo ziliushtua ulimwengu. Mtu asiyekiri kwamba hiyo ilikuwa kazi kubwa hatendi haki.

Lakini Beard alikuwa na mkono wa pili. Alikuwa mpiga picha wa magazeti ya mitindo ya Ulaya na Marekani, na wanawake, wengi wao wakiwa uchi au nusu uchi, walikuwa somo lake kwa muda wa miaka mingi. Picha yake mojawapo iliyo maarufu kabisa aliipiga Hog Ranch mwaka 1987: usiku wa manane mwanamke mzungu, uchi kama alivyozaliwa, anamlisha twiga. Mwaka 2009 kalenda ya kampuni ya Pirelli, ambayo kwa miongo mingi imejulikana kwa picha za wanawake wasio na nguo, ilitoka na picha alizozipiga yeye huko Botswana. Picha zake alizibandika pamoja na vipande vya magazeti, majani makavu na mifupa, akazipaka damu, na pembezoni mwake akaandika na kuwapa wachoraji wa Kenya waliokaa naye shambani wachore wanyama na watu. Mwaka 1996 alikanyagwa na tembo karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, akanusurika kwa taabu. Alifariki dunia Aprili 2020 huko Montauk, Marekani, akiwa na umri wa miaka 82. Kazi zake zimeuzwa katika minada ya London na New York kwa mamia ya maelfu ya dola.

Katika maisha hayo marefu liko tukio moja ambalo tungependa kila afisa utamaduni alijue. Mwaka 1975, katika jiji la Nairobi, Beard alimwona msichana wa Kisomali akipita njiani, akamwomba ampige picha. Msichana huyo ni Iman, ambaye baadaye alikuwa mwanamitindo wa sifa duniani. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyarudia mara nyingi, alimwuliza mpiga picha yule atalipwa kiasi gani, akataja dola 8,000, kwa kuwa hicho ndicho kiasi alichodaiwa ada ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Beard akakubali. Hapo palikuwa na makubaliano: mtu aliulizwa, akataja bei yake, akalipwa, akapigwa picha. Hakuna aliyedhulumiwa.

Dhuluma ilikuja baadaye, nayo haikuwa ya nguo. Iman alipofika New York mwaka huohuo, Beard aliwatangazia waandishi wa habari kwamba amemwokota porini, mchunga mifugo asiyejua mambo ya dunia. Ukweli ni kwamba alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa, binti wa balozi, mtu wa kusema lugha kadhaa. Mpiga picha alikuwa amemlipa ada ya picha, lakini akajitwalia bure habari za maisha yake, akaziandika upya ili zimfurahishe mnunuzi. Mabepari wa biashara hii walikuwa wakitaka Mwafrika wa porini, basi Mwafrika wa chuo kikuu akapelekwa porini kwa maneno. Iman alipata nafasi ya kuusema ukweli kwa sababu alikuwa na elimu na kimo cha kusikilizwa. Je, wangapi hawakuipata nafasi hiyo?

Na ili tusionekane tunamhukumu marehemu kwa jambo moja, yafaa ieleweke kwamba Beard huyohuyo, mwaka huohuo wa 1975, alitoa kitabu cha masimulizi ya Kamante Gatura, Mkikuyu aliyekuwa mpishi wa Karen Blixen. Katika kitabu hicho Kamante ana jina, ana maneno yake, na ana michoro ya mkono wake. Na yule mzungu wa picha ya twiga jina lake limewekwa katika jina la picha yenyewe. Kwa hiyo mpiga picha yule alijua vizuri jinsi ya kumheshimu aliyemweka mbele ya kamera; alipotaka alifanya, na asipotaka hakufanya. Heshima ya mtu haistahili kutegemea hisani ya mwenye kamera kwa siku ile. Inatakiwa iwe kanuni.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuambiwa habari hii na mtu wa bara. Kamera ilitua Unguja mapema kuliko mahali pengi pa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, maduka ya wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, yalipiga na kuuza kadi za posta kwa mabaharia na wasafiri waliopitia Zanzibar. Miongoni mwa kadi za zama hizo ziko za wanawake. Chini yake utasoma maneno kama mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Zanzibar. Jina hakuna. Mtaa hakuna. Baba wala mama hakuna. Tukumbuke kwamba utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Mwanamke aliyekuwa mali ya mtu, au aliyetoka katika umilikiwa juzi tu, alikuwa na uwezo gani wa kumwambia mwenye kamera kwamba hataki? Kadi hizo leo zimo katika maktaba na makumbusho za Ulaya na Marekani, na nyingine huuzwa mpaka sasa. Wale akina mama wamekufa, na wajukuu zao hawajui kwamba wanatazamwa.

Wanahistoria wamekwisha kueleza jambo lililofuata, na wazee wa Ng'ambo walilieleza kabla yao. Wanawake waliotoka utumwani, mara walipopata uwezo, walinunua kanga na baadaye buibui. Wakati wa utumwa kujifunika ushungi kulikuwa ni alama ya waungwana, na mtumwa hakuruhusiwa. Kujisitiri kwao kulikuwa ni tangazo la uhuru: mimi ndiye nitakayeamua nani anitazame. Hiyo ndiyo maana ya sitara tunayotaka isisahauliwe. Sitara haiishii kwenye kitambaa. Ni mamlaka ya mtu juu ya macho ya wengine.

Tazama pia upande wa pili wa historia hiyohiyo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na kwa miongo mingi watu wa Unguja walikwenda huko kwa miguu yao. Bwana harusi na bibi harusi, mtoto aliyehitimu masomo, jamaa iliyoagana na msafiri: kila mmoja alichagua nguo yake, akachagua namna ya kukaa, akalipa, akaondoka na picha yake. Kamera ilikuwa ni ileile. Lililotofautiana ni kwamba hapa aliyepigwa picha ndiye aliyetoa amri.

Wako watakaosema kwamba mwili wa binadamu kuwa kitu cha sanaa ni kasumba iliyoletwa na wageni. Neno hilo si sahihi. Wazaramo walichonga mwana hiti, umbo la mwili wa mwanamke, kwa ajili ya mafunzo ya mwali. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu nyingi za udongo zilizotumika katika jando na unyago wa makabila mbalimbali, akaandika kitabu juu yake mwaka 1956. Wamakonde wamechonga mwili ulio wazi kwa ustadi ambao dunia nzima inausifu, na vinyago vyao huuzwa hadharani wala hakuna polisi aendaye kuvikamata. Wazee wetu hawakuuogopa mwili. Ila waliuwekea utaratibu. Sanamu ya unyagoni ilikuwa na mahali pake, na wakati wake, na macho yaliyoruhusiwa kuiona. Alikuwako kungwi au somo, mtu mzima mwenye dhamana, ambaye angeulizwa kama jambo lingeharibika. Somo likiisha, chombo cha kufundishia kilifichwa na wasiohusika.

Picha ya leo haina kungwi. Humo ndimo hatari yake ilimo. Mpiga picha aweza kuwa mtu mwema kabisa, na msichana aweza kuwa amekubali kwa hiari yake, lakini picha ikishatoka katika mikono yao wawili hakuna anayejibika nayo. Macho hayana pazia, na simu hazina mlango. Picha iliyopigwa Tunduma saa tatu asubuhi yaweza kuwa imefika Lusaka, Lubumbashi, Dar es Salaam na Mkoani kabla ya adhuhuri.

Sasa tuiangalie rekodi yetu wenyewe, sisi tulio katika uongozi na wale waliotutangulia. Mara nyingi tumelishughulikia suala la mwili kwa kutazama nguo. Mwaka 1967 na 1968 Wamasai wa mkoa wa Arusha walifanyiwa kampeni ya kuwavalisha suruali na kuwaachisha lubega na ngeu, kwa hoja kwamba hali yao iliaibisha taifa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo wanawake kadhaa walishambuliwa katika mabasi na mitaa ya Dar es Salaam. Nia ya viongozi wale ilikuwa ni kulinda utu wa Mwafrika, nasi tunaiheshimu nia hiyo. Lakini katika utekelezaji yule aliyekusudiwa kulindwa ndiye aliyechaniwa nguo barabarani. Hilo ni fundisho.

Karibu zaidi na siku zetu, Januari 2018, aliyekuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Ndugu Juliana Shonza, ambaye alikuwa mbunge wa viti maalumu kutoka mkoa huu wa Songwe, alitangaza kumfungia msanii mmoja wa kike kwa muda wa miezi sita kwa sababu ya picha zake zisizo na staha mitandaoni. Wako waliopongeza na wako waliolalamika. Sisi hatufukui ugomvi uliopita. Tunachotaka kukumbusha ni kwamba katika mjadala wote ule jina la msanii lilitajwa na kila mtu, na ni wachache waliouliza mengine: nani alizipiga picha za aina hiyo, nani huzisambaza, nani huchuma fedha kwa watazamaji? Adhabu ya aliyeonekana ni rahisi kwa sababu anaonekana. Mwenye kamera hukaa nyuma ya kamera.

Sheria tunazo. Kanuni ya Adhabu tangu zama za ukoloni inakataza biashara ya vitu vya aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na inaweka adhabu kali kwa anayemhusisha mtoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha kama mwenye kazi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo Tume yake ilianza kazi mwaka 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha, pamoja na haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe. Na ni taarifa gani inayomtambulisha mtu kuliko sura yake? Juu ya hizo zote iko ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inayompa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi.

Ukizipanga sheria hizo utaona jambo. Ile inayoijia picha kama kosa inajulikana kwa kila askari. Ile inayomjia mtu kama mwenye haki haijulikani hata kwa baadhi ya wanaotakiwa kuitekeleza. Matokeo yake ni haya: msichana ambaye picha yake imesambazwa bila ridhaa yake huogopa kwenda kituoni, akihofia kwamba atakayewekwa ndani ni yeye. Akinyamaza, mwenye picha humdai fedha. Akilipa, hudaiwa tena. Huo ni unyonyaji, wala hauna jina jingine, na unyonyaji wa mwili ni mbaya kupita wa jasho, maana jasho hukauka.

Kwa nini tunalisema hili kwa kuitaja Tunduma? Kwa sababu Tunduma ni mji wa njia. Barabara kuu ya Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, huvuka mpaka hapo. Madereva hungoja zamu zao, nyumba za wageni ni nyingi, fedha za nchi mbili hubadilishwa mkononi, na vijana kutoka Mbozi, Momba, Ileje na mikoa jirani huja kutafuta riziki. Mahali pa namna hiyo ndipo mtu mwenye kamera na maneno matamu humwahidi binti kazi ya uanamitindo ng'ambo ya mpaka. Bandari za Unguja na Pemba, na fukwe zake zenye hoteli za watalii, ni mahali pa namna hiyohiyo. Mji wa mpakani na mji wa pwani ni ndugu: yote miwili hupokea wageni kuliko inavyoweza kuwajua. Atakayepata dawa Tunduma ameipata pia kwa ajili ya Nungwi.

Basi tunapendekeza mambo yafuatayo, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, mpiga picha yeyote anayemlipa au kumtumia mtu kwa picha za mwili, ziwe za mitindo, za matangazo au za sanaa, awe na hati ya makubaliano iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Hati hiyo itaje majina ya pande mbili, malipo, mahali picha itakapoonyeshwa, na mahali isipoweza kuonyeshwa. Nakala moja ibaki kwa aliyepigwa picha. Afisa utamaduni wa halmashauri, na kwa upande wa Zanzibar Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, waweza kuandaa mfano wa hati hiyo na kuutoa bure.

Pili, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa katika jambo hili, wala mzazi hana ridhaa ya kumtolea. Hapa pasiwe na mjadala wa sanaa.

Tatu, madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi yafundishwe kumpokea aliyesambaziwa picha kama mlalamikaji. Swali la kwanza liwe nani aliyeisambaza. Mpaka hapo litakapokuwa swali la kwanza, watu wataendelea kunyamaza.

Nne, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ishuke kutoka mjini mkuu iende Tunduma, Vwawa, Wete na Mkokotoni, ikawaeleze wananchi haki ya kutaka picha ifutwe, na namna ya kulalamika. Haki isiyojulikana ni kama kisima kilichofunikwa.

Tano, kwa kuwa picha huvuka mpaka, watendaji wa Tunduma na wenzao wa Nakonde ambao tayari hukutana juu ya magendo na wizi wa magari waliongeze jambo hili katika ajenda zao.

Sita, na hili linawahusu wenye makumbusho, wachapishaji na sisi wenyewe wa magazeti: picha ya mtu iandikwe jina la mtu, kama linajulikana na mwenyewe ameridhia, na maelezo yake yawe ya kweli. Picha za kale za akina mama wa Visiwani zisichapishwe ili kupamba kurasa tu.

Watatokea wasanii watakaosema kwamba masharti haya yataua sanaa. Tunawajibu kwamba mshonaji hupima kabla ya kukata, na nguo hazijapungua duniani. Mpiga picha mwenye kipawa hatapoteza chochote kwa kumwuliza mtu jina na ridhaa yake. Atapata uso wa mtu asiyeogopa. Watatokea pia wazee watakaosema kwamba kwa kuandika hati tumehalalisha lisilo halali. Tunawajibu kwa adabu kwamba hati haibadilishi hukumu ya dini wala ya mila. Anayeona kwamba picha ya namna hiyo haifai ana haki ya kuikataa nyumbani kwake, kuikemea msikitini na kanisani, na kumfundisha mwanawe asiingie humo. Kukataa huko ndiko hasa tunakotaka kukulinda. Mtu ambaye ridhaa yake haiulizwi hana hata nafasi ya kusema hapana.

Peter Beard ameacha picha ambazo dunia itazitazama kwa miaka mingi. Ameacha pia fundisho ambalo hakulikusudia, kwamba kamera yaweza kumlipa mtu na bado ikamdhulumu, pale inapomwandikia maisha yasiyo yake. Wapiga picha wa kadi za Unguja hawakulipa hata hilo. Vijana wetu wenye simu katika stendi ya Tunduma hawajawasikia wala huyu wala wale, lakini wanashika chombo chenye nguvu kuliko vyote walivyovishika wao.

Mkuu wa wilaya asomaye ukurasa huu anaweza kuanza wiki hii. Amwite afisa utamaduni wake, mkuu wa polisi na viongozi wa mitaa, awaulize swali moja: msichana akija leo kusema kwamba picha yake imesambazwa bila ridhaa yake, atapokewa na nani, na ataulizwa nini? Jibu likikosekana, kazi ianzie hapo.